Moshi wa Ubani Dirishani kwa Mzee Shomari

Wanangu mlioingia kwenye kazi ya ukaguzi wa majengo, nyumba ikagueni saa nane mchana. Msikubali kualikwa asubuhi. Asubuhi kila nyumba ya jiji hili ina adabu: sakafu imepigwa deki, mapazia yamefungwa pembeni, bati bado lina umande, na mwenye nyumba anakumiminia chai huku akikuambia, "Unaona kulivyo na ubaridi, Bi Saada." Mshukuruni kwa chai, kisha mwambieni mtarudi baada ya adhuhuri. Ikifika saa nane, ingieni, kaeni kwenye kochi, nyamazeni. Kama jasho linawatiririka mgongoni na mwenyeji amechukua kawa anajipepea nalo, ukaguzi umekwisha. Kilichobaki ni kuandika.

Mimi sikagui tena. Nimestaafu, alhamdulillah, nimeondoka na macho yangu na magoti yangu. Nikishaswali alasiri nakaa kibarazani kwangu huku Kigamboni, tasbihi mkononi, na usingizi wa uzee unanijia na kuniacha, unanijia na kuniacha. Ndani ya usingizi huo naziona nyumba. Haziji kwa mpangilio. Inakuja nyumba ya Mbagala yenye mlango wa kijani, inafuatwa na gofu la Tandika ambalo halikuezekwa hata siku moja, kisha chumba fulani cha Yombo ambako niliwahi kupewa maji ya kunywa yenye harufu ya mtungi. Nyingine nazisikia zikivuta pumzi. Huwa naamka nikidhani nimechelewa kazini.

Namshukuru Mungu kwa riziki aliyonichagulia. Ni watu wachache wanaolipwa kupiga hodi.

Lakini kwa miaka mingi hodi yangu haikupendwa, nayo ilikuwa haki yao. Watu walitujua kwa rangi nyekundu. Mkaguzi akionekana mtaani, macho yote yalikuwa mkononi mwake, kama ameshika kopo na brashi ya kuchora alama ya kuvunja. Watoto walikuwa wakitutangulia mbio wakipiga kelele kutoa habari. Ndiyo maana, miaka yangu ya mwisho kazini, manispaa niliyoitumikia ilipoleta mpango wa punguzo, niliupokea kama mtu aliyeambiwa aende msibani na badala yake akafikishwa harusini. Kwa mara ya kwanza tulikwenda kwa watu na kitu cha kutoa.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Mtu akijenga nyumba isiyokula umeme mwingi kwa kupoza joto, yaani madirisha yanayotazamana, upenu mrefu wa kuficha ukuta na jua, bati la rangi ya kung'aa, mifereji ya kuvuna maji ya mvua, mti mmoja ulioachwa hai, basi ada ya kibali chake inapunguzwa na jalada lake linatangulia mbele ya mengine. Palikuwa na kipengele kingine ambacho wengi hawakukisoma: majirani wawili wakikubaliana kuacha uchochoro wa upepo kati ya nyumba zao, anayejenga anapata punguzo, na yule asiyejenga anafungiwa mifereji na tangi la maji. Kipengele hicho nitakirudia.

Msidhani watu walikuwa malaika. Mtaa mmoja wa Yombo nilikagua nyumba ya kwanza nikakuta mwarobaini mchanga kwenye ndoo, umewekwa uani vizuri. Nikaenda ya pili, mwarobaini kwenye ndoo. Ya tatu ilikuwa ya fundi cherehani mmoja mcheshi. Nikauangalia ule mti wake kwa muda.

"Fundi, mti huu nimetoka kuuona kwa jirani."

"Miarobaini yote inafanana, Bi Saada."

"Na kinyonga je?"

Akainama kutazama. Kinyonga alikuwa kwenye tawi, amelala zake, maana alikuwa amebebwa juu ya kuta tangu asubuhi na safari ilikuwa imemchosha.

"Kinyonga," akasema fundi bila kutikisika, "ni wa mtaa mzima."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya mashine yake. Sikumnyima mtu. Niliwaambia mti uteremshwe kwenye ndoo, upandwe pale kona ya viwanja vyao vitatu, na nitarudi mvua zikiisha. Niliporudi ulikuwa umenipita urefu. Mwenzangu mmoja ofisini alinilaumu, akasema watu wale hawakupenda mti, walipenda punguzo tu. Nikamwambia kwamba chuoni nilikosoma Kurani, mwalimu alikuwa akitupa halua kila tulipomaliza juzuu. Tulisoma kwa ajili ya halua, wallahi. Halua imekwisha zamani, na juzuu zipo kifuani mpaka leo.

Sasa kuhusu upepo. Aliyenifundisha upepo ni Mzee Mhina, mkaguzi aliyenitangulia, mtu wa Lushoto, mtaratibu, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwake. Alikuwa na uzi mwembamba mfukoni. Anasimama katikati ya chumba, ananing'iniza uzi kwa vidole viwili, anasubiri. Uzi ukiinama, hewa inapita. Ukisimama wima, alikuwa anasema, "Hiki siyo chumba, hiki ni sanduku." Alinifundisha kwamba dirisha moja haliingizi upepo hata liwe kubwa kama lango, kwa sababu upepo hauingii mahali usipoona pa kutokea. Alinifundisha kutazama juu, kwenye matundu karibu na dari, maana joto hupanda, na lisipotolewa hukaa pale juu likingoja watu walale.

Uzi wa Mzee Mhina ulinishinda. Upepo wa mitaa yetu ni mnyonge, umepita kuta nyingi kabla hujakufikia. Siku moja nyumbani kwangu nilikuwa nafukiza nguo za Idi, nikaona moshi wa ubani unatoka kwenye chetezo, unazunguka meza, unachungulia chumbani, unarudi, halafu unatoka wote kupitia tundu dogo la jikoni ambalo sikuwahi kulifikiria. Nilisahau nguo. Tangu hapo nikawa nabeba chetezo kidogo cha udongo, makaa mawili matatu na ubani kwenye kikaratasi. Moshi huonyesha njia nzima, tangu hewa inapoingia mpaka inapotokea. Mzee Mhina alipokiona, alininusa kwanza, kisha akasema, "Bi Saada, mwaka huu tunakagua au tunaoza mwali?" Lakini alikaa akaangalia, na alipostaafu alinipa ule uzi wake niuweke kama kumbukumbu. Ninao kwenye msahafu, alama ya ukurasa.

Basi chetezo hicho ndicho kilichotaka kuniharibia kazi Mtoni.

Pale Mtoni palikuwa na nyumba ndogo ya zamani ya Mzee Shomari na mkewe, Bi Mwanahamisi. Mzee Shomari alikuwa mpishi wa harusi. Pilau lake lilikuwa likiitwa kutoka Temeke yote mpaka ng'ambo, na watu wa rika langu wanalikumbuka. Nilipomjua mimi alikuwa amepooza kiunoni kushuka chini, na macho yalikuwa yamefifia. Alilazwa kitanda cha kamba karibu na dirisha. Kilichomfanya aendelee kuwa mtu wa mtaa ni pua. Upepo ulimletea kila kitu: nani anakaanga samaki, nani ameunguza maharage, mvua iko upande gani. Walikuwa na pangaboi, mtoto wao aliwanunulia, lakini Mzee hakulitaka. Alisema linakoroga joto lile lile kama uji.

Upande wa dirisha hilo palikuwa na kiwanja kitupu, nacho kikanunuliwa na Mwalimu Ngowi, mwalimu wa sekondari, mtu wa Kilimanjaro, yeye na mkewe Mama Neema. Walileta ramani ofisini. Ukuta wao wa nyuma ulifika mpakani kabisa, ukuta mtupu usio na dirisha, na kwa viwanja vidogo vya mitaa ile ramani haikuvunja kanuni yoyote. Ukisimama ukuta huo, dirisha la Mzee Shomari lingetazama tofali, kwa umbali wa mkono, na upepo wake ungekwisha.

Nilimweleza Mwalimu kipengele cha uchochoro. Alinisikiliza kwa heshima.

"Mama, punguzo ni zuri, sikatai," akasema. "Ila ile sehemu unayoniambia niache ndiyo chumba cha mama yangu. Amebaki peke yake kule mlimani. Nimeshamuahidi."

Mtu anamjengea mama yake chumba, utamwambia nini? Nikaomba niende kupima upepo kwanza, kisha tuongee. Akasema sawa, yeye na mkewe watakuwa kiwanjani siku hiyo, mafundi wameshapiga vigingi na kamba.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, joto lile ambalo hata kunguru wanatembea badala ya kuruka. Nilifika saa nane. Bi Mwanahamisi akanipa makaa kutoka jikoni kwake, nikawasha chetezo chumbani kwa Mzee. Moshi ulisimama kidogo kama mgeni anayevua viatu, kisha ukalala, ukaelekea dirishani, ukatoka. Bi Mwanahamisi alikuwa ameshika chetezo, mimi naandika. Mzee amefumba macho, anatabasamu. Nakumbuka nilitamani nisiondoke.

Ndipo nikasikia sauti nje, ya Mama Neema.

"Baba Neema. Hebu njoo uone. Wanafukiza kiwanja chetu."

"Nani?"

"Yule bibi, na huyo mama wako wa manispaa. Moshi wote wameuelekeza huku. Mie nilikuambia, watu wa Pwani hawakatai kwa mdomo."

Bi Mwanahamisi akapeleka uso dirishani. "Mwanangu, nikuroge kwa ubani wa dukani? Si ningeenda hata kwa waganga wa Mlingotini basi, nikakutafutia wa maana."

Utani ule haukusaidia. Kwa Mama Neema, ambaye kanisani kwake walikemea mambo hayo kila wiki, ulikuwa kama ushahidi. Nilimsikia akisema kwamba sasa hata hatua moja hawaachi, ukuta uanze kesho. Nikajiona nimembebea Mzee Shomari hasara mimi mwenyewe, kwa chetezo changu. Nikamwomba Mungu kimyakimya anifungulie njia.

Mwalimu Ngowi akapiga hodi. Hasira yake ilikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Mama, sie ni watu wa kanisa. Kama kuna kisomo mnafanya, mngetuambia, tungepisha."

"Si kisomo, Mwalimu. Napima upepo. Moshi unanionyesha unakopita."

Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingejiamini. Mzee Shomari akaongea kutoka kitandani, macho bado yamefumbwa.

"Jirani, karibu. Mshikie huyo bibi chetezo, amechoka mkono."

Mwalimu akasita, akakipokea. Wanangu, hapo nikaona kitu. Hakukishika kama sisi tunavyokishika nyumbani. Mkono mmoja aliuweka kifuani, mwingine ukapeleka chetezo mbele polepole na kukirudisha, mbele na kukirudisha, na mgongo wake ukanyooka. Uso ukabadilika. Alikuwa ameondoka Mtoni.

"Nilikuwaga mtumishi wa misa," akasema. "Kule nyumbani. Padri alikuwa ananiambia, taratibu, Ngowi, unamfukizia Mungu, hufukuzi nyuki."

Mzee akacheka kwa kifua. "Basi moshi unaujua."

Moshi ukapita juu ya kitanda, ukapita kwenye nondo za dirisha, ukateremka nje juu ya mchanga mweupe. Kutoka ndani tuliuona ukivuka kamba za mafundi na kupotelea kati ya vigingi.

"Pale ndipo chumba cha mama," Mwalimu akasema.

"Miezi hii ya kaskazi upepo unapita kwetu kwanza," Mzee akamwambia. "Tunakupa sie. Kusi ikiingia, unatokea kwenu. Utatupa wewe."

Mama Neema alikuwa amechoka kungoja. Akaja mpaka dirishani kutazama mumewe anafanywa nini. Alikuwa mama mwenye mwili, mashallah, na kanga aliyojitanda aliipanua kwa mikono miwili akishika nondo za pande zote ili aone vizuri ndani. Dirisha likajaa yeye. Moshi ukafika kwenye kanga yake, ukagonga, ukarudi. Ukaanza kujaa chumbani. Joto likatuangukia kama blanketi. Mzee Shomari akakohoa, akakohoa tena, mkono wake ukawa unatafuta ukingo wa kitanda.

"Mama Neema," Mwalimu akasema taratibu, "sogea kidogo."

"Nisogee niende wapi? Nataka nione."

"Sogea tu, mke wangu."

Akasogea. Moshi ukainuka, ukatoka wote, na Mzee akavuta pumzi ndefu ambayo sote tuliisikia.

Katika mafundisho ya haki za jirani, mwalimu wangu wa chuoni alitusomesha kwamba usimwinulie jirani jengo ukamzibia upepo, ila kwa ridhaa yake. Nilikuwa nayo mdomoni siku ile. Sikuisema. Mzee Mhina alinifunza kwamba uzi ukiwa unaongea, mkaguzi anyamaze, na nilidhani hata moshi unastahili heshima hiyo.

Mwalimu alinirudishia chetezo, akavaa viatu, akatoka. Tukamwona amesimama kwenye kona ya chumba cha mama yake. Mama yake, Mwalimu alikuja kunisimulia baadaye, kila akishuka Dar alishinda amelowesha kanga na kujifunika, na hakumaliza wiki kabla ya kuomba kurudishwa mlimani. Mwalimu alikuwa anamjengea chumba kisichokuwa na dirisha upande wa upepo. Akainama, akang'oa kigingi kwa mkono.

"Sasa mama atalala wapi?" Mama Neema akauliza.

"Hapa hapa. Tutapunguza sebule. Ila huku tunaweka dirisha, na kule mlangoni jingine."

"Na huo moshi wao?"

"Wa ubani tu, Mama Neema. Hata mie nimeushika."

Punguzo likatoka, na Bi Mwanahamisi akafungiwa tangi lake. Nikaja kusikia kwamba Mwalimu aliwaambia wenzake shuleni ameacha uchochoro kwa ajili ya punguzo la manispaa, hakuwa mjinga wa kugawa ardhi bure. Sikumkanusha. Hili ndilo ningependa mlishike kuliko vipimo vyote vya upenu. Punguzo lenyewe huwa dogo. Lakini mtu mzima huona haya kusema mbele za watu kwamba amemwonea jirani huruma. Mpeni kitu cha kusema. Wema wake ataupitisha chini ya hicho, kama mtu anayebeba zawadi chini ya kanga.

Kusi ilipoingia, nyumba ya Ngowi ilikuwa imeezekwa na mama wa mlimani ameshakuja. Nilipita kufanya ukaguzi wa mwisho. Nilimkuta Mzee Shomari amegeuza uso dirishani, pua juu.

"Bi Mwanahamisi," akaita, "mwambie Mama Neema kitunguu chake kinaungua."

Bi Mwanahamisi akapaza sauti uchochoroni. Kutoka ng'ambo ikarudi: "Mwambie baba nimeona. Na hiliki niweke saa ngapi?"

"Bado," Mzee akasema. "Mpaka nyama inukie yenyewe."

Alimfundisha pilau hivyo, misimu ya kusi, bila kuona sufuria. Nasikia mpaka leo wageni wa Mama Neema hawaamini kwamba amezaliwa Marangu.

Mzee Shomari alirejea kwa Mola wake kaskazi nyingine, nikiwa nimeshastaafu. Nilivuka kwenda kuhani. Nilikaa na akina mama chumbani kwake, na jioni kabla ya magharibi Bi Mwanahamisi akaomba chetezo, kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno, alisema, hakina harufu ya kitu. Tukawasha ubani. Moshi ukapita juu ya kitanda cha kamba kilichofunguliwa kamba zake, ukapita kwenye nondo, ukavuka uchochoro.

Ng'ambo niliona mkono wa Mama Neema. Dirisha lake lilikuwa limeegeshwa. Akalisukuma likafunguka lote. Kisha akapotea ndani, nami nikasikia, upande wa pili wa nyumba yake, bawaba za dirisha jingine zikilia. Alikuwa anaufungulia pa kutokea.